Nani Atamsimulia Jumwa?

Nitwikeni!

"Twakutwika!"

Sijasikia. Wali wangu mmekula mkashiba, sauti mmeziacha wapi? Nitwikeni!

"Twakutwika!"

Mzigo ni mzito.

"Shingo tunazo!"

Haya. Sogezeni kuni hizo, moshi unaniingia machoni. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna kwa adabu. Hadithi ya leo ina msiba ndani yake.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama na watu walipokuwa bado wakiamkiana njiani, palikuwa na kijiji kikiitwa Magweni. Kilikaa juu ya kilima cha udongo mwekundu, mihogo upande huu, mtama upande ule, kisima chini bondeni. Watu wa Magweni walikuwa na mila yao moja, na mila hiyo isikieni vizuri, maana bila yake hadithi hii haina miguu ya kutembelea.

Mtu akifa Magweni, alizikwa, akaliliwa, watu wakalala matangani. Siku ya kuondoa matanga, alasiri, wote walikusanyika uani kwa marehemu. Akaja msimulizi, akakalia kigoda, akamsimulia marehemu tangu kuzaliwa hata kufa. Si kumsifu, jamani. Kumsimulia. Na chini, juu ya mkeka, uso kwa uso na msimulizi, aliketi mtu mmoja tu, mwitikiaji. Msimulizi akisema neno, mwitikiaji hujibu, "Ndivyo." Akisema jingine, "Ndivyo." Watu wengine wote kimya. Hata mwenye kikohozi alikimeza.

Na neno likiwa si la kweli, mwitikiaji hafungui kinywa. Msimulizi akinyimwa "Ndivyo" hawezi kuvuka. Hurudi nyuma, akatafuta neno la kweli, akaitikiwa, ndipo akaendelea. Wao waliona kusimulia ni kubeba mzigo kichwani, na mzigo mzito mtu hajitwiki peke yake. Kwa hiyo msimulizi alianza kwa kusema, "Nitwike," na akamaliza kwa kusema, "Nitue." Mwitikiaji akishajibu, "Mzigo umefika," hapo marehemu huondoka kizingitini alikokuwa akingoja, akaenda zake, na mlango wa nyumba yake ukajifunga wenyewe.

Na asiyesimuliwa je? Hakwenda. Alisimama pale kizingitini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Na mlango ule wanaotokea wafu ndio ule ule wanaoingilia watoto wachanga. Ukizibwa, umezibwa kwa wote.

Jua lisizame kabla hadithi ya siku ile haijasimama. Likizama, msimulizi hunyamaza mpaka kesho yake. Hiyo nayo ni mila. Ishikeni, tutaihitaji.

Basi msimulizi wa Magweni alikuwa mwanamke, jina lake Jumwa. Ee, yule mama alijaliwa! Akisema mvua, watu hutazama juu. Akisema njaa, kina mama huwavuta watoto wao karibu. Na mwitikiaji wake alikuwa Kanze, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Wakati wa hadithi hii Kanze alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kuchungulia, mpole, si msemaji. Mbele ya watu alikuwa na neno moja tu: "Ndivyo." Watani zake walimwita Bi Ndivyo, naye hucheka tu.

"Maneno anayo Shangazi," alikuwa akisema. "Yanatutosha sote wawili."

Siku moja Jumwa akafa.

Mbona mmenyamaza? Ndiyo, akafa. Yeye aliyewasimulia wafu wote wa kilima kile, naye akalazwa, akafunikwa, akapelekwa.

Akazikwa. Akaliliwa. Siku ya kuondoa matanga ikafika. Kigoda kikawekwa uani. Kanze akaketi mkekani mahali pake pa siku zote, akainua uso, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Mzee Mwaringa, mkuu wa kijiji, akasimama. "Nani atamsimulia Jumwa?"

Kimya.

"Jamani, nani atamsimulia Jumwa?"

Kimya.

"Nauliza mara ya tatu. Nani atamsimulia Jumwa?"

Wanaume wakatazama vidole vya miguu yao. Wanawake wakajifunga kanga upya. Jua likazama, watu wakatawanyika mmoja mmoja bila kuagana.

Kanze akaenda kuufunga mlango wa shangazi yake. Akausukuma, ukarudi. Akausukuma tena, ukarudi. Akauegemea kwa bega, ukarudi polepole, kama unaoshikiliwa na mtu. Kanze akajua ni nani.

"Shangazi," alisema, "umechoka kusimama?"

Hakujibiwa. Wafu hawasemi ovyo. Mfu ana ruhusa ya kusema ndani ya hadithi yake mwenyewe tu, na ya Jumwa ilikuwa haijaanza. Kanze akakaa chini pale pale mlangoni, akalia mpaka koo likamkauka.

Sasa, Mzee Mwaringa alikuwa na binti yake, Sidi, mwenye mimba iliyotimia. Siku ile ile uchungu ukamshika. Asubuhi ukamwacha. Mchana ukamshika tena, jioni ukamwacha. Wakunga wakamkanda, wakamnywesha dawa, wakatikisa vichwa.

"Mtoto yuko tayari," walisema. "Njia ndiyo iliyozibwa."

Mzee Mwaringa hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akavua kofia, akaenda kwa Kanze, akapiga magoti, mzee yule, mbele ya mwanamke wa umri wa mwanawe.

"Kanze mwanangu, hapa kijijini hatuna mtu. Toka ukatafute msimulizi popote alipo, awe mtu, awe mnyama. Sidi wangu anakwisha."

"Inuka, baba, usinipigie magoti," Kanze akasema. "Nakwenda."

Akashika njia. Akapita mashamba ya mtama akiimba:

*Aliyesimulia wafu wetu wote,*
*yeye leo nani atamsimulia?*
*Mlango u wazi, Shangazi kasimama,*
*ni nani, ni nani wa kumbeba?*

Kasuku alikuwa juu ya suke la mtama. Akamsikia. "Mimi nitambeba," akasema. "Nilikuwa nikija kila alasiri kumsikiliza juu ya paa. Nipe kigoda."

Alasiri ikafika, watu wakajaa uani. Kasuku akaruka juu ya kigoda, akasema, "Nitwike!"

Ilikuwa sauti ya Jumwa. Si iliyofanana nayo, ni yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa mwisho wa neno. Watu wakashika vifua. Wengine wakaanza kulia.

"Nakutwika," Kanze akajibu.

"Hapo zamani Sungura alikwenda kisimani na kibuyu kilichotoboka," akasema Kasuku kwa sauti ya Jumwa. "Alipofika kisimani akamkuta Mamba anaota jua..."

Kanze akafumba macho. Alitamani kuitikia, alitamani mno. Lakini ile ilikuwa hadithi ya Sungura. Jumwa mwenyewe hakuwamo. Akanyamaza.

Kasuku akarudi nyuma. "Hapo zamani Sungura alikwenda kisimani na kibuyu kilichotoboka..." Kanze kimya. Kasuku akarudi tena, na maneno yakawa yale yale, kwa sababu hakuwa na mengine. Akaona haya, akaruka akaenda.

"Una nini wewe?" watu wakamfokea Kanze. "Sauti si ile ile?"

"Sauti ni yake," Kanze akasema. "Yeye ndiye hayumo."

Kesho yake akashika njia tena. Akapita chini ya mikwaju akiimba:

*Aliyesimulia wafu wetu wote,*
*yeye leo nani atamsimulia?*
*Mlango u wazi, Shangazi kasimama,*
*ni nani, ni nani wa kumbeba?*

Hondohondo akashuka tawini, mdomo huo mkubwa, kofia juu ya mdomo. "Ni mimi," akasema. "Mimi nina sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Nipe kigoda."

Alasiri watu wakajaa. "Nitwike!" akanguruma Hondohondo, kuku wakakimbilia chini ya maghala.

"Nakutwika."

"Jumwa alikuwa jabali! Tangu kuzaliwa hakutoa chozi!"

Watu wakaitikia kwa makofi, wakasahau mila kabisa. Kanze akamkumbuka shangazi yake amekaa jikoni, amepakata vigae vya chungu cha mama yake kilichovunjika, analia kama mtoto. Akanyamaza.

"Jumwa hakuogopa kitu juu ya ardhi!"

Kimya.

"Jumwa hakukosea neno maisha yake yote!"

Kimya. Hondohondo akapandisha sauti, akaipandisha tena, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini huchoka. Sauti ikamkauka, akajikokota akaenda.

"Unamnyima shangazi yako sifa!" watu wakamwambia Kanze. "Una roho gani wewe?"

"Huyo anayemsimulia simjui," Kanze akasema. "Mimi nilimjua mwingine."

Siku ile Sidi hakula. Mamaye alimlisha uji kwa kijiko, ukarudi. Mzee Mwaringa alikuwa amekaa nje ya nyumba, amejishika kichwa, hawaitikii hata wanaomsalimu. Kanze alipita mbele yake bila kuthubutu kumtazama.

Siku ya tatu akapita njia ya makaburini, na sauti ilikuwa imeanza kumwishia:

*Aliyesimulia wafu wetu wote,*
*yeye leo nani atamsimulia?*
*Mlango u wazi, Shangazi kasimama,*
*ni nani, ni nani wa kumbeba?*

Fisi akatoka kichakani akicheka. Siwapendi fisi, nawaambieni wazi, lakini haki yake tumpe: yule mnyama alikuwa anajua mengi. Kila anayepita nyuma ya nyumba za watu gizani husikia mengi. "Kasuku na Hondohondo ni waongo," akasema. "Mimi nitasema kweli tupu. Nipe kigoda."

Alasiri watu wakajaa. "Nitwike!" akasema Fisi.

"Nakutwika."

"Jumwa alikuwa mchoyo wa chumvi! Alificha kibuyu cha chumvi chini ya kitanda!"

Watu wakashtuka. Wakamgeukia Kanze.

"Ndivyo," akasema Kanze.

Loo! Uani pakavuma. Fisi akachekelea, meno yote nje. "Jumwa alikuwa mwoga wa radi! Ikipiga, anajifunika mkeka!"

"Ndivyo."

"Jumwa alimfukuza mume wake kwa sufuria!"

"Ndivyo," akasema Kanze, na hapo kuna watu walicheka, wakazibana midomo.

Kila alipoitikia, alihisi kitu kimesogea kizingitini, kidogo, kama mtu anayebadilisha mguu. Matumaini yakamwingia. Hata kama ni Fisi, aliwaza, hata kama anacheka, na amalize tu.

"Na hakuzaa!" Fisi akasema. "Hakuzaa kwa kuwa hakumpenda mtu yeyote isipokuwa sauti yake mwenyewe!"

Kanze hakufungua kinywa. Alikumbuka homa yake ya utotoni, na mgongo wa shangazi yake uliombeba mpaka kwa mganga ng'ambo ya bonde, mvua na radi juu yao, na yule mwoga wa radi anaimba njia nzima ili mtoto asisikie ngurumo.

"Itikia!" Fisi akasema. Kimya. "Itikia, Bi Ndivyo! Si uliyaitikia yale mengine?" Kimya. Fisi akaanguka kigodani kwa kicheko. "Basi panda mwenyewe, wewe unayejua! Panda utusimulie!"

Watu wakacheka naye. Bi Ndivyo juu ya kigoda! Lakini kicheko kikawafia mdomoni, kwa sababu kutoka nyumbani kwa Mzee Mwaringa walisikia sauti ya Sidi, na haikuwa tena sauti ya mtu mwenye nguvu za kulia.

Kanze akainuka mkekani. Akamsogeza Fisi kwa mkono, akakalia kigoda cha shangazi yake. Akawaona watu wote wanamtazama, na maneno yote ya duniani yakamtoka kichwani. Aliogopa, jamani. Mtu aliyezoea kuitikia, umwambie leo asimulie! Kila mtu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka siku utakapokuwa kichwani pako.

"Nitwike," akasema kwa sauti ndogo.

Mkeka mbele yake ulikuwa mtupu. Nani angemwitikia? Nani mwingine alimjua Jumwa wa ndani ya nyumba? Watu wakainamisha vichwa.

"Nakutwika," sauti ikasema kutoka kizingitini.

Watu wakarudi nyuma, wengine wakaangukiana. Sauti hiyo haikuwa nzuri kama ile ya Kasuku. Ilikuwa na uchovu ndani yake, na kikohozi kidogo. Kanze hakugeuka. Machozi yalimshuka, lakini mgongo ukamnyooka.

"Jumwa alizaliwa mwaka wa nzige," akaanza.

"Ndivyo," ikajibu sauti.

"Alikuwa mchoyo wa chumvi, kwa kuwa alizaliwa mwaka ambao haikuonekana."

"Ndivyo."

"Alikuwa mwoga wa radi, na usiku wa radi alinibeba mgongoni akiimba."

"Ndivyo, mwanangu."

Basi Kanze akasimulia. Hakupamba. Alisema neno, akangoja, akaitikiwa, akasema jingine, na watu wakamsikiliza hata nzi walipotua usoni mwao hawakuwafukuza. Alimsimulia Jumwa wa utotoni, Jumwa wa mume na sufuria, Jumwa aliyekesha akijifundisha kunyamaza katikati ya neno. Nyumbani kwa Mzee Mwaringa uchungu wa Sidi ukatulia, akaomba maji. Jua lilipogusa kilima Kanze akasema, "Tutaendelea kesho." Alilala kizingitini siku ile, na alilala vizuri.

Kesho yake akaendelea. Hadithi ikakaribia mwisho. Hapo ndipo alipoelewa: neno la mwisho likisemwa, sauti ile haitarudi tena. Mtu anayo sauti ya mpendwa wake, inamjibu, halafu aikate mwenyewe kwa kinywa chake? Nyinyi mngeweza? Mimi sijui kama ningeweza.

Basi Kanze akazunguka. Akasimulia jinsi Jumwa alivyochagua mawe ya mafiga. "Ndivyo." Alivyowagombeza kuku kwa majina yao. "Ndivyo." Alivyofunga kanga akienda msibani na alivyoifunga akienda harusini. "Ndivyo." Yote kweli, lakini hayakuwa njiani. Jua likazama. "Tutaendelea kesho," akasema Kanze, na hakumtazama Mzee Mwaringa.

Siku iliyofuata akazunguka tena. Alisimulia uji, alisimulia ufagio, alisimulia ukili wa mkeka. Sauti kizingitini ilikuwa imekauka, na "Ndivyo" ilianza kuja kwa kuchelewa, kama ya mtu mwenye kiu aliyesimama juani. Kanze alisikia kiu ile. Akajifanya hakusikia.

Kisha kweli zikamwishia. Zote alikuwa amezisema, ila ya siku moja tu, siku ya mwisho. Akalitazama jua, lilikuwa bado juu ya kilima. Akafungua kinywa.

"Siku moja Jumwa aliniambia, 'Kanze, mimi sitaondoka kamwe.'"

Kimya.

"Jumwa aliniambia, 'Nitakaa nawe mpaka uzeeke.'"

Kimya.

"Jumwa aliniambia, 'Bila mimi hutaweza!'"

Kimya. Kimya kile Kanze alikijua. Alikijua kuliko mtu yeyote pale uani, maana ndicho alichompa Kasuku, akampa Hondohondo, akampa Fisi. Sasa kimepewa yeye, na aliyempa ni yule aliyemfundisha.

Mzee Mwaringa akasimama. Hakumfokea. "Kanze," alisema, "mwanangu ameacha kulia. Wakunga wamemfunika miguu."

Kanze akasimama juu ya kigoda chake, akawatazama watu, akapiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kuinua sauti maishani mwake. "Sitaki aende! Mnanisikia? Nimewasikia wengine wote wakienda, nikasema 'Mzigo umefika,' nikaenda kula. Huyu sitaki aende! Sitaki!"

"Ndivyo," ikasema sauti kutoka kizingitini, taratibu sana.

Kanze akakaa. Alilia, na hakuna aliyemharakisha, hata baba wa Sidi. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Siku ya mwisho," akasema, "Jumwa aliamka hana nguvu."

"Ndivyo."

"Mimi nilikuwa nimeinjika chungu cha kunde."

"Ndivyo."

"Akaniita. Akanishika mkono. Akasema, 'Kanze, mgeni husindikizwa, hafuatwi. Nisindikize mpaka mlangoni tu, halafu urudi. Una chungu motoni.'"

"Ndivyo."

"Nikamsindikiza."

"Ndivyo."

"Sikurudi. Kunde ziliungua, moto ukazimika, na mpaka leo sijauwasha."

"Ndivyo, mwanangu. Ndivyo."

Jua lilikuwa limegusa kilima. Kanze akakishika kigoda kwa mikono miwili, pande zote mbili, kama anayeogopa kuanguka.

"Sasa narudi, Shangazi. Nitue."

Kanze akangoja. Watu wakangoja. Halafu ikaja pumzi moja ndefu, ya mtu anayenyoosha mgongo baada ya safari.

"Mzigo umefika," akasema Jumwa.

Na mlango ukajifunga wenyewe, bila mlio.

Hakuna aliyetikisika. Walikuwa bado wanautazama mlango ule kilipopasuka kilio kutoka nyumbani kwa Mzee Mwaringa, kilio kikali cha mtoto mchanga mwenye hasira ya kucheleweshwa. Mzee akakimbia, kofia ikamwanguka, hakurudi kuiokota. Wanawake wakapiga vigelegele huku wanalia.

Kanze hakukimbia nao. Aliingia jikoni, akatoa majivu ya zamani, akaomba kaa la moto kwa jirani. Akaosha kunde. Akainjika chungu, akatia chumvi ya kibuyu kilichokuwa chini ya kitanda, na hakuionea uchoyo.

Mnadhani mtoto aliitwa Jumwa? Hapana bwana, alikuwa mvulana, akapewa jina la babu yake, na Sidi alipona akamnyonyesha.

Msiba mwingine ulipokuja, watu walimwendea Kanze. "Kigoda ni chako," wakasema. "Chagua mwitikiaji."

"Sichagui," Kanze akajibu. "Shangazi alikuwa na mimi peke yangu, na siku yake ilipofika mlitazama vidole vya miguu. Mliishi naye wote, mlikula chumvi yake wote. Basi mtaitikia wote. Atakayesema lisilo kweli mbele yenu, mnyimeni. Atakayesema kweli, mbebeni."

Ndiyo maana mpaka leo msimulizi akiita, hajibiwi na mtu mmoja. Hujibiwa na ua mzima, wakubwa kwa wadogo, hata mwenye mahindi mdomoni.

Na funzo? Lipo, msilale. Mpendwa wako msimulie kama alivyokuwa, usimpambe hata akakupotea, wala usimcheke hata ukamdhalilisha. Na ukishamsimulia, mwache apite. Kuna anayesubiri kuingia.

Nitueni!

"Mzigo umefika!"

Aa, hapo mmeitikia vizuri. Na mimi nina chungu motoni, acheni niende nikatazame. Maana wakati nasimulia kuna mtu nilimsikia akifunua mfuniko, na aliyekula kunde zangu namjua, na nikimtaja hapa mbele yenu, nyote mtaitikia.